KUCHIMBA HANDAKI NA KULIFUKIA

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Yamechapwa ili yasomwe tena darasani baada ya kusikilizwa.

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Leo nazungumza hasa nanyi wa Kamsamba, lakini ndugu zetu wa Ivuna, wa Tunduma na wa Kilyamatundu ng'ambo ya mto nao wasikilize, maana jambo lenyewe ni la kila mahali.

Somo letu ni juu ya kazi ambayo wengi wenu mmeifanya au mtaifanya: kuchimba handaki, na baadaye kulifukia. Labda ni handaki la bomba la maji. Labda ni msingi wa nyumba, au wa darasa la shule. Utaniuliza, "Kuna somo gani hapo? Mimi nimeshika jembe tangu utoto." Ni kweli. Lakini kulima shamba ni kazi moja, na kushuka ndani ya ardhi ni kazi nyingine. Shambani udongo uko chini ya miguu yako. Katika handaki udongo uko juu ya kichwa chako.

Nataka ukumbuke jambo moja tu katika somo hili. Udongo ukiguswa, hauwi tena kama ulivyokuwa. Ulikuwa umeshikana kwa miaka mingi, kila chembe ikiegemea nyingine. Ukichimba, umeondoa egemeo. Kuta zinazobaki zinatafuta mahali pa kuangukia, na ule udongo uliotupa nje umelegea. Kwa hiyo mchimbaji ana kazi mbili. Kwanza ajilinde na udongo uliobaki. Pili aurudishe udongo uliotoka mpaka ushikane tena. Tutaanza na udongo wenyewe.

1. UJUE UDONGO WAKO

Kamsamba imo katika bonde la Ziwa Rukwa, na Mto Momba unapita hapo ukielekea ziwani. Kwa miaka mingi mto huu umebeba mchanga, tope na mfinyanzi na kuvitandaza bondeni, tabaka juu ya tabaka. Kwa sababu hii ukichimba karibu na mto unaweza kukuta udongo mgumu juu, na chini yake mchanga mlegevu. Juu panaonekana pazuri, lakini chini hapana nguvu. Mchanga ule ukimwagika, udongo mgumu ulio juu yake hubaki ukining'inia, na halafu huanguka wote kwa mara moja.

Tena uko udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kutia mkono. Mvua zikija hunywa maji, huvimba, na huteleza kama sabuni. Udongo huu huwadanganya watu, kwa kuwa ukiwa mkavu ukuta wake husimama wima kama ukuta wa nyumba. Lakini zile nyufa ni mahali ambapo umekwisha kukatika. Unangoja tu kuanguka.

Unaweza kuupima udongo wako bila mashine. Tia udongo katika chupa nyeupe mpaka nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha iweke chini. Mchanga hutua kwanza, katika dakika moja tu. Juu yake hutua udongo laini kama unga. Mfinyanzi hukawia, na maji yaweza kubaki machafu mpaka kesho yake. Ukiona sehemu kubwa ya chupa ni mchanga, jua kuwa kuta zako hazitasimama. Fanya hivyo kwa udongo wa kila kina, si wa juu peke yake.

2. UZITO WA UDONGO

Sasa fungueni madaftari tufanye hesabu. Chukua kipande cha ukuta wa handaki chenye urefu wa mita 2, kimo cha mita 1, na unene wa nusu mita. Zidisha: 2 mara 1 mara nusu. Jibu ni mita 1 ya ujazo. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa kilo 1,600 au zaidi. Gunia la mahindi la kilo 100 mnalijua. Basi kipande kile kidogo ni magunia 16, yakikuangukia yote kwa pamoja.

Watu wengi hufikiri kuwa hatari ni kufunikwa kichwa. Wanasema, "Kichwa kikiwa nje nitapumua." Sivyo. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani anaweza kufa hali uso wake uko nje na watu wanamwona. Kila akitoa pumzi, kifua hupungua na udongo hujaza nafasi ile. Akitaka kuvuta pumzi tena, kifua hakina mahali pa kutanuka.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kibarua cha kuchimba handaki la bomba wakati wa likizo. Handaki lilikuwa limenifika mabegani. Hapakuwa na ubao hata mmoja, na udongo wote tuliutupa ukingoni kabisa, kwa kuwa hapo palikuwa karibu. Saa ya chakula tulipanda juu, tukaketi chini ya mwembe. Tulikuwa bado tunakula tulipousikia mshindo, si mkubwa, kama gunia linaposhushwa. Tulipokwenda kutazama hatukuliona handaki. Sululu yangu ilikuwa chini ya udongo ule, na tuliichimbua jioni. Hakuna aliyetuonya kabla ya siku ile. Ndiyo maana leo nawaonya ninyi.

3. KANUNI ZA KUCHIMBA

Kanuni ya kwanza: handaki likifika kifuani, simama. Usiendelee kushuka mpaka kuta zimefanywa salama. Katika kanuni za kazi za Marekani kipimo ni futi 5, yaani kama mita 1.5. Lakini penye mchanga wa mtoni au udongo wenye maji usingoje kipimo hicho. Kumbuka pia kuwa mtu anayeunga bomba huchutama. Handaki linalomfika kiunoni akisimama, humfika kichwani akichutama.

Kanuni ya pili: laza kuta, au ziegemeze. Kulaza maana yake ni kuupanua mdomo wa handaki ili kuta ziwe na mteremko. Katika mchanga, kwa kila mita 1 ya kina rudi nyuma mita 1.5 kila upande. Katika udongo wa kati, rudi mita 1. Katika mfinyanzi mgumu usio na nyufa wala maji, rudi sentimita 75. Kama hapana nafasi, mathalan penye njia au nyumba, ziegemeze kuta kwa mbao. Simamisha mbao nene pande zote mbili, laza mihimili juu yake, kisha kingamisha magogo yenye nguvu kutoka upande mmoja hata upande wa pili, yakaze sana. Mbao huanza kuwekwa juu kwenda chini. Wakati wa kufukia huondolewa kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo, kadiri udongo unavyopanda. Kazi hii asimamie fundi anayeijua.

Kanuni ya tatu: udongo unaotoka uwekwe mbali na ukingo. Uache nafasi ya sentimita 60 kwa uchache, na handaki likiwa refu kwenda chini, uache zaidi. Lundo lile ni mzigo juu ya ukuta. Kadhalika trekta, lori, mabomba na mifuko ya saruji visisogezwe ukingoni. Hata ng'ombe wanaopita waelekezwe njia nyingine.

Kanuni ya nne: iwepo ngazi. Isimame imara, na ipite ukingo kwa kiasi cha sentimita 90 ili mtu apate pa kushika. Isiwe mbali. Mtu aliye chini asilazimike kutembea zaidi ya mita 7 kuifikia. Ukuta haungoji.

Kanuni ya tano: kagua kila asubuhi, na tena baada ya kila mvua. Tazama nyufa juu ya ardhi sambamba na handaki. Tazama kama ukuta umevimba, kama vipande vidogo vinadondoka, kama maji yanatoka chini. Moja tu kati ya dalili hizi yatosha. Watu wote watoke. Bonde letu lina majira ya mvua na majira ya kiangazi, basi kama kazi inaweza kupangwa, ichimbwe kiangazi, mpunga ukiisha kuvunwa na maji ya ardhini yakiwa yameshuka.

Kanuni ya sita: usichimbe karibu na msingi wa nyumba bila kumwuliza mhandisi. Nyumba imesimama juu ya udongo, na udongo ule unaegemea udongo wa jirani yake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 walifariki. Habari za siku zile zilieleza kuwa chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kuchimba. Kamsamba hatuna majengo kama yale, lakini nyumba ya matofali ya kuchoma nayo ina msingi wake, na ndani yake wamelala watoto.

Mwisho wa sehemu hii, jambo la kuokoa. Ukuta ukimwangukia mwenzako, moyo wako utakuambia uruke mara moja. Usiruke. Ukuta ulioanguka mara moja huanguka tena, na mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyekwenda kuokoa. Piga kelele watu waje. Simamisha mashine zote. Piga simu Zimamoto na Uokoaji, nambari 114. Wekeni mbao kwanza, ndipo mshuke, mchimbe kwa mikono na makarai, mkianza na kichwa na kifua. Msimfunge kamba mkamvuta, kwa kuwa udongo unamshika kwa nguvu na mtamvunja. Msitumie mashine ya kuchimbia.

4. KUSEMA

Najua mnachofikiri. "Bwana mwalimu, haya ni mazuri, lakini mimi ni kibarua. Nikikataa kushuka, yuko mwingine mlangoni anayeitaka nafasi yangu."

Sitasema kuwa neno hili ni dogo. Fedha ya siku ile ndiyo unga wa jioni. Lakini sikiliza. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na uko wakala wa serikali wa kuisimamia, unaojulikana kama OSHA. Kulinda usalama wa kazi ni wajibu wa mwajiri. Hawezi kusema kuwa ni shauri lako. Uko pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Kabla ya kuanza kazi, uliza jina lako limeandikwa wapi. Na kwa kuwa sasa unajua kusoma, usitie sahihi karatasi usiyoisoma.

Tena, sema kwa adabu, na semeni pamoja. Mtu mmoja akisema huonekana mvivu. Watu wanane wakisema, msimamizi husikiliza. Mwambieni hivi: "Shikamoo mzee. Handaki limetufika kifuani na kuta hazijaegemezwa. Tunaomba mbao kwanza, kisha tuendelee." Hapo hamkumtukana mtu wala hamkukataa kazi. Mmetaja kipimo, na kipimo hakina ugomvi. Msimamizi mwenye akili atashukuru, kwa kuwa ukuta ukianguka yeye ndiye atakayekwenda kuzungumza na mjane.

5. KUFUKIA

Sasa bomba limelazwa, maji yamepimwa, hakuna panapovuja. Watu wamechoka, na kila mmoja anataka kwenda nyumbani. Hapo ndipo kazi huharibika. Udongo husukumwa wote kwa mara moja, hukanyagwa juu kidogo, na watu huondoka. Kwa macho kazi imekwisha. Mvua za kwanza zikija, mstari wa handaki hudidimia. Maji hukusanyika pale, hupenya, na hufuata bomba chini ya ardhi kama mto uliojificha, yakibeba mchanga. Bomba hubaki halina cha kulala juu yake. Lori moja likipita, bomba hukatika, na akina mama hurudi kuchota mtoni. Fedha yote ya kijiji imezama kwa kukosa kazi ya siku mbili za mwisho.

Tufanyeje basi?

Kwanza, tandaza kitanda cha mchanga au udongo laini usio na mawe, unene wa sentimita 10, chini ya bomba. Jiwe moja lenye ncha litalitoboa bomba la plastiki baada ya muda. Kisha jaza udongo laini kando ya bomba, pande zote mbili kwa kimo kimoja, ukiushindilia taratibu chini ya ubavu wake. Endelea na udongo laini mpaka sentimita 30 juu ya bomba. Sehemu hii ishindiliwe kwa mkono tu.

Pili, juu ya hapo jaza kwa matabaka. Kila tabaka lisizidi sentimita 15, ukishindilia kwa gogo zito lenye mpini. Shibiri ya mtu mzima ni kama sentimita 22. Basi tabaka lako liwe pungufu ya shibiri. Kwa nini liwe jembamba? Kwa sababu nguvu ya gogo haifiki mbali. Ukimwaga udongo wa nusu mita na kuupiga juu, utakuwa umetengeneza ganda gumu juu ya udongo mlegevu.

Tatu, udongo uwe na maji ya kadiri. Mhandisi Mmarekani aitwaye Ralph Proctor, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Los Angeles, aliieleza habari hii mwaka 1933, na mpaka leo kipimo cha kushindilia duniani kinaitwa kwa jina lake. Alionyesha kuwa kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukiwa nacho hushikana kuliko wakati wowote. Ukiwa mkavu, chembe hukwaruzana na hazisogeleani. Ukiwa na maji mengi, maji hukaa mahali pa udongo.

Maabara ina mizani, lakini wewe una kiganja. Chukua udongo, ukamue. Usiposhikana, ni mkavu, nyunyiza maji. Ukiacha maji kiganjani, ni mbichi mno, uanike. Ukifanya donge, na donge lile ukiliangusha kutoka kiunoni likavunjika vipande viwili vitatu, umepata. Shindilia upesi kabla jua la bondeni halijaukausha.

Nne, usifukie kwa udongo mweusi wa mbuga penye njia au karibu na msingi. Utavimba na kusinyaa kila mwaka, na vitu vilivyo juu yake vitapanda na kushuka pamoja nao. Tafuta moramu au kifusi kizuri. Wala usifukie kwa majani, mizizi, magunia au takataka. Vitu hivi vitaoza na kuacha shimo.

Msidhani kuwa mambo haya ni ya handaki dogo tu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kupita Tunduma, katika sehemu nyingi imelala juu ya tuta la udongo ulioshindiliwa. Daraja la Momba linalotuunganisha na Kilyamatundu lina tuta kila upande, na malori hupita juu yake. Udongo ni ule ule wa kwetu. Tofauti ni kuwa umerudishwa kwa kipimo.

Nitawapa njia moja ya kujikagua. Udongo ukichimbwa huongezeka. Ndoo 4 zilizokuwa ardhini huwa karibu ndoo 5 zikitoka. Handaki la urefu wa mita 100, upana wa nusu mita na kina cha mita 1 lina mita 50 za ujazo. Nje utaona lundo la mita 62 hivi. Basi kama bomba lako ni jembamba, na ukiisha kutoa hesabu ya mchanga ulioleta umebakiwa na lundo kubwa, hukushindilia. Udongo ule ulitakiwa kurudi karibu wote. Lundo lililobaki ni shahidi, na mkaguzi anayejua kazi atalitazama lundo kabla ya kulitazama handaki.

Ndugu wanafunzi, saa yetu imekaribia kwisha. Shikeni haya: handaki likifika kifuani, simama. Na likifukiwa, lifukiwe pungufu ya shibiri kwa kila tabaka. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuyashika hayo mawili, basi mfundisheni na jirani ambaye hakuja darasani. Kesho atashuka handakini pamoja nanyi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

MANENO YA SOMO

Handaki: shimo refu jembamba lililochimbwa ardhini.
Tabaka: udongo uliotandazwa kwa unene mmoja.
Kushindilia: kupiga udongo mpaka ushikane.
Kuegemeza: kutia mbao au magogo ili ukuta usianguke.
Moramu: udongo wenye changarawe, unaofaa kwa njia na misingi.

MASWALI KWA DARASA

1. Kwa nini mtu aliyefukiwa mpaka kifuani anaweza kufa ingawa uso wake uko nje?
2. Handaki lina urefu wa mita 40, upana wa nusu mita na kina cha mita 1. Je, ni mita ngapi za ujazo?
3. Taja dalili tatu za ukuta unaotaka kuanguka.
4. Leteni darasani udongo wa mahali pawili, mmoja wa mtoni na mmoja wa mbugani. Upimeni kwa chupa na kwa kiganja, kisha kila mmoja aandike sentensi mbili juu ya alichokiona.
5. Wawili wasimame mbele ya darasa. Mmoja awe msimamizi na mwingine awe kibarua anayeomba mbao. Darasa liseme kama ombi lilisemwa vema.